Bukoba Waliuza Saruji ya Desemba, Nasi Tuko Julai

Jumatatu ya tarehe 1 Julai 2024, kwenye kikao cha asubuhi, Mzee alisoma mauzo ya Juni kutoka kwenye karatasi aliyoichapa mwenyewe: milioni 412. Nyuma yake ukutani dashibodi yangu ya Power BI, programu ya Microsoft ya kuonyesha takwimu, ilikuwa inawaka, nayo inasema milioni 387. Bosi akatazama karatasi, akatazama ukuta, akanitazama mimi. Hakufoka. Alisema tu, "Mkishapatana mtaniita," akachukua kikombe chake cha chai akatoka.

Mzee ni mhasibu wetu mkuu. Jina analo, lakini hata wateja wanamwita hivyo. Tunauza vifaa vya ujenzi Kanda ya Ziwa, matawi matano: Mwanza, Musoma, Bukoba, Geita na Kahama. Matawi hutuma mafaili, makao makuu tuna seva yenye stoo na mauzo ya jumla, na kazi yangu ni kuvikutanisha vyote ili mtu akiuliza swali moja apate jibu moja. Siku ile majibu yalikuwa mawili, na milioni 25 si hela ya kuisahau kwenye kona ya kompyuta.

Nakiri kwamba kwa miaka mingi, namba zikitofautiana, nilikuwa naanza kwa kutetea za kwangu. Naonyesha hatua zangu za Power Query, sehemu ya kusomea na kusafishia data, moja baada ya nyingine kama mtu anayetoa risiti polisi. Mzee naye anatetea zake, ana daftari, ana kalamu nyekundu, ana miaka thelathini ya hesabu. Tunabishana hadi mchana, halafu mmoja anachoka. Lakini siku hiyo kikombe cha chai kilikuwa kimeondoka na bosi, kwa hiyo hapakuwa na wa kumshawishi. Tukakaa kwenye meza moja tukaanza kugawa.

Tulianza na matawi. Mwanza sawa, Musoma sawa, Kahama sawa hadi shilingi. Geita Mzee ananizidi milioni 3, Bukoba ananizidi milioni 22. Geita tuliimaliza kwa dakika tano: mauzo ya siku moja yalibandikwa mara mbili kwenye faili lake, Mzee mwenyewe ndiye aliyeyaona, akakohoa na kufuta. Bukoba ndiyo ilitutoa jasho.

Nikafungua Bukoba siku kwa siku. Tarehe 1 hadi 5 Juni, sifuri. Tarehe 6, mauzo yapo. Tarehe 7 hadi 12, sifuri. Kuanzia tarehe 13 kila kitu kinakwenda vizuri.

"Hawa walifunga duka?" Mzee akauliza. "Idi ilikuwa baada ya hapo. Na kama walifunga, mbona tarehe 6 walifungua?"

Sikuwa na jibu. Nikaondoa kichujio cha mwezi, nikaiacha Bukoba ionyeshe mwaka mzima. Hapo ndipo Mzee alipocheka. Bukoba walikuwa wamevuna vizuri tarehe 6 Januari, tarehe 6 Februari, tarehe 6 Machi, na kuendelea kila tarehe 6 ya kila mwezi, mpaka tarehe 6 Desemba 2024. Sisi tuko tarehe 1 Julai, wao wameshauza saruji ya karibu na Krismasi.

Ukilifungua faili lenyewe kwa macho ya kawaida huoni kitu. Tarehe zote zimeandikwa, hakuna nafasi tupu, hakuna rangi nyekundu. Kilichonishtua ni mkao. Mistari ya mwanzo ya mwezi, tarehe zake zimeegemea kulia mwa kisanduku. Kuanzia tarehe 13, zimeegemea kushoto. Kwenye Excel, usipogusa mpangilio, namba na tarehe hulala kulia, maandishi hulala kushoto. Maana yake safu ile moja ilikuwa na vitu viwili vilivyovaa nguo za kufanana.

Nikampigia dada wa Bukoba.

"Dada, kompyuta unayotumia ni ipi siku hizi?"

"Wameniletea laptopu mpya mwishoni mwa mwezi wa tano. Kuna tatizo, kaka? Mimi tarehe sijazigusa."

Na kweli hakuzigusa. Mfumo wao wa mauzo unatoa faili la CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma, tarehe zimeandikwa kwa desturi yetu, siku kwanza kisha mwezi. Yeye hulifungua kwenye Excel, anaongeza safu ya namba ya lori, analihifadhi kama faili la Excel, anatuma. Laptopu mpya ilikuja na mipangilio ya Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Kwa hiyo 03/06/2024, yaani tarehe 3 Juni, Excel ikaisoma tarehe 6 Machi. 12/06 ikawa tarehe 6 Desemba. 06/06 ikabaki ilivyo, ukiigeuza ni ile ile, ndiyo maana siku hiyo moja ilipona. Ilipofika 13/06, Excel ikatafuta mwezi wa 13 ikaukosa, ikayaacha kama maandishi. Maandishi hayo yalipofika kwangu, Power Query yenye mipangilio ya huku kwetu iliyasoma sawasawa. Zile zilizoharibika hazikuwa na la kuulizwa: zilishakuwa tarehe halali kabisa, ila si zake.

Niliirekebisha kwa namna mbili, na ya pili ndiyo ya maana. Kubadilisha mipangilio ya laptopu ni kazi ya dakika moja, na laptopu nyingine itakuja kesho kutwa. Kwa hiyo nilimwomba dada asilifungue tena lile CSV, alitume lilivyo, na namba za lori aziandike kwenye faili lake la pembeni. Power Query inasoma CSV moja kwa moja, na kwenye hatua ya kubadili aina ya safu nimeiambia waziwazi tarehe hizi ni za mtindo wa nchi gani, badala ya kuiacha ibahatishe kwa kompyuta iliyopo. Halafu nikaongeza kihesabio kimoja kwenye ukurasa wangu mwenyewe: idadi ya mauzo yenye tarehe ambayo haijafika. Kinatakiwa kusoma 0 kila siku. Tangu hapo kimewahi kusoma 4 mara moja, na ilikuwa karani aliyeandika 2042.

Baada ya mkasa ule Mzee akasema, "Mdogo wangu, mimi nataka hizo namba zako, lakini nizione ndani ya Excel yangu." Ombi zuri kuliko yote niliyowahi kupewa. Power BI inaruhusu: unaiunganisha pivoti ya Excel (jedwali la kujumlisha na kugawa namba) na modeli, yaani data iliyokwisha kuunganishwa, iliyoko kule juu mtandaoni, mtu anaburuta anachotaka, hakuna tena kubandika. Nikamwekea. Akafungua, hakuona kitu. Orodha tupu.

Nilihangaika na draiva, kiprogramu cha kuunganishia Excel na data, saa nzima kabla ya kutazama kona ya juu kulia ya Excel yake. Alikuwa ameingia kwa barua pepe yake binafsi, ile mwanawe aliyomfungulia apate picha za wajukuu. Kwa Power BI, huyo ni mtu mwingine kabisa. Tulipoingia kwa akaunti ya kazi, modeli ikaonekana lakini ikamkatalia kujenga juu yake. Hapa wengi hukwama: ruhusa ya kutazama ripoti si ruhusa ya kutengeneza kitu kingine kutokana na data iliyo chini yake. Ni ruhusa mbili, na ya pili lazima mwenye modeli aitoe kwa mkono wake. Mwenye modeli ni mimi. Nilikuwa nimemnyima mwenyewe bila kujua.

Wiki mbili baadaye akaja na karatasi tena. "Dashibodi yako inatia chumvi." Alikuwa amebofya mara mbili kwenye jumla ya Kahama ili apate risiti zake moja moja, zikamfungukia kwenye ukurasa mpya, akazijumlisha, zikawa pungufu. Nikashuka mpaka mstari wa mwisho. Risiti 1,000. Si 997, si 1,012. Nikapanda juu kabisa ya ukurasa, na pale kuna sentensi moja ya Kiingereza inayosema hizi ni 1,000 za mwanzo tu. Ndivyo muunganisho huo ulivyo usipoubadilisha kwenye sifa zake. Nani husoma sentensi hiyo? Mimi sikuwa nimewahi.

Tangu siku hiyo naogopa namba zilizokaa vizuri kupita kiasi. Mwaka 2020 Uingereza iliacha visa 15,841 vya korona nje ya hesabu yake ya kila siku, vya kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, kwa sababu matokeo ya maabara yalipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, XLS, lisilobeba zaidi ya mistari 65,536. Yaliyozidi yalikatika kimya kimya. Faili la sasa linabeba 1,048,576. Ukiona data yako inaishia kwenye mojawapo ya namba hizo, usitafute sababu ya kibiashara.

Kuna kisa cha mapacha nacho ni cha jamii hiyo hiyo. Wateja wa mkopo tunawatambua kwa namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Namba hiyo ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa. Excel, ikiichukua kama namba ya kuhesabia, hubeba tarakimu 15 tu. Tano za mwisho huzigeuza sifuri, na ukishahifadhi hazirudi. Karani akiandika na vistari katikati hakuna shida, Excel huona ni maandishi. Karani mmoja aliamua vistari vinamchelewesha. Kwenye orodha ile tulikuwa na Kulwa na Doto, na huku Usukumani sihitaji kueleza hao ni akina nani: wamezaliwa siku moja, wamejiandikisha mahali pamoja, tarakimu 15 za mwanzo zinalingana. Modeli ikawafanya mtu mmoja mwenye deni la mabati la watu wawili. Doto alipigiwa simu akumbushwe deni la Kulwa. Alilipokea kwa utulivu, akasema maisha yake yote amekuwa akilipishwa ya huyo. Sasa kila safu ya utambulisho, iwe NIDA, simu au namba ya bidhaa, naitangaza kuwa maandishi kabla haijapita hatua nyingine yoyote. Simu zetu zinaanza na 0, na 0 ya mbele ndiyo ya kwanza kufa.

Makosa yanayopiga kelele siku hizi nayapenda. Dada wa Musoma alibadilisha jina la ukurasa wa faili kutoka "Sheet1" kuwa "JUNI", kila kitu kikasimama na ujumbe wa manjano ukatokea. Dakika tatu nimemaliza. Draiva ya biti 32 kwenye Excel ya biti 64: muunganisho unaouona kwenye dirisha moja la mipangilio hauonekani kwenye programu, unatengeneza upya upande wa pili, basi. (Windows yenyewe imeweka vya biti 64 kwenye folda inayoitwa System32, na vya biti 32 kwenye SysWOW64. Ukichanganyikiwa, hukuanza wewe.) Lililonisumbua zaidi katika kundi hili ni la majina ya bidhaa. Nilifuta marudio yote kwenye Power Query, orodha ikabaki safi, nikapakia, modeli ikakataa: kuna marudio. Nikafuta tena. Ikakataa tena. Kwa Power Query, "Bati geji 28" na "BATI GEJI 28" ni bidhaa mbili, inatazama herufi kubwa na ndogo. Modeli ya Power BI haitazami, kwake ni moja. Kwa hiyo kwanza unalazimisha majina yote yawe na sura moja, unaondoa nafasi za mwishoni, ndipo unafuta marudio. Nilipoteza Ijumaa nzima kwa jambo la sentensi moja.

Mwaka 2022, mteja alivuka ziwa kwa kivuko kutoka Sengerema na lori la kukodi, kufuata nondo za milimita 12. Alikuwa ameuliza kwa simu, kijana wa mauzo akatazama dashibodi, akamwambia zipo 340. Alipofika stoo, mtunza stoo akamwonyesha sakafu. Nondo zilikwisha siku saba kabla. Yule bwana alikaa kwenye kivuli cha mwembe wetu akisubiri tumtafutie kwa jirani, na kila nikipita ananisalimia kwa adabu. Afadhali angetukana.

Dashibodi haikuwa na kosa lolote usoni. Ilikuwa inaonyesha data ya siku tisa nyuma, kwa rangi zile zile. Ili Power BI iliyoko kwenye wingu, yaani mtandaoni, ifike kwenye seva iliyoko ofisini, inapita kwenye programu ya lango, na lango letu lilikuwa kwenye kompyuta ya zamani chini ya meza ya stoo. Utawala ulikuwa umemwambia mlinzi abane LUKU, mlinzi akatii: kila jioni anashusha swichi ya chumba kile, asubuhi saa mbili watu wanaipandisha. Kurifreshi, yaani kuvuta data mpya, kumepangwa saa kumi na mbili asubuhi, kila siku kunakuta giza. Power BI ikishindwa mara nne mfululizo hujizimia ratiba yenyewe. Hutuma barua pepe ya onyo, ndiyo, kwa mwenye modeli. Mwenye modeli kwenye karatasi alikuwa bado mwenzetu aliyeacha kazi. Barua zilikuwa zinakwenda kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu.

Mlinzi hakuwa na kosa hata chembe, na nilimtetea pale walipotaka kumkata mshahara. Lango tulilihamishia chumba chenye UPS (betri ya akiba), umiliki nikauchukua, onyo likaelekezwa kwenye anwani ya watu watatu. Kisha nikaweka juu ya dashibodi, kwa maandishi makubwa kuliko mauzo yenyewe, tarehe ya risiti ya mwisho ya kila tawi. Tarehe ya risiti, si saa ya kurifreshi. Unaweza kurifreshi leo asubuhi faili ambalo tawi halijalituma tangu Alhamisi, na saa itang'aa kama mpya.

Na hiyo saa yenyewe iliniletea kichekesho. Niliwahi kuiweka, ikawa inasoma 3:00 kila siku. Bosi akauliza nani huyu anakuwa ofisini saa tisa usiku. Hakuna mtu. Power BI kule kwenye wingu huhesabu kwa saa ya dunia, nasi tumeitangulia kwa saa tatu. Saa kumi na mbili yetu ya asubuhi kwake ni saa tisa ya usiku. Kwa sababu hiyo hiyo, kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa, kipimo chochote kinachotumia "leo" kinadhani bado ni jana. Bosi halali mapema, alishakigundua kabla yangu, ila alidhani ni matawi yanayodanganya. Nikaongeza saa tatu ndani ya kipimo.

Mwezi uliopita, Jumatatu tena, Mzee alinikuta mlangoni akiwa amefurahi. "Mdogo wangu, leo namba yangu na yako zimelingana mpaka shilingi."

"Shikamoo, Mzee. Umezitoa wapi?"

"Kwenye pivoti uliyoniunganishia."

Nikatua begi. Pivoti yake na dashibodi yangu zinateka kisima kimoja. Zisingelingana ndipo ningeshangaa. Nikatazama tarehe ya risiti ya mwisho: matawi manne, Jumamosi. Bukoba, Ijumaa.

"Mzee, zile Z-ripoti za Bukoba, za jumla ya mauzo ya siku kutoka mashine za risiti za EFD, bado unazitunza?"

Hakuuliza za nini. Alivuta droo ya chini, akatoa bahasha ya khaki, akazimwaga mezani na kuanza kuzipanga kwa tarehe. Ya Jumamosi ilikuwepo.